Gari Lililoangalia Malindi

Nilipaswa kumwambia Twalib hapana siku ile alipolisimamisha gari lake mlangoni pangu akashuka bila kuzima injini. Begi langu la safari lilikuwa tayari, na tiketi ya basi la kwenda Hola nilikuwa nimekwisha kuikata. Twalib ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mtu wa miaka arubaini na kitu aliyerudi kutoka Arabuni na gari moja la michezo, la manjano, lenye viti viwili tu. Liko chini sana. Mtu mzima huliingia kama anayeingia mtumbwini.

"Mjomba," akaniambia, "unakwenda kumwozesha mwanao, halafu ushuke kwenye basi na begi kichwani? Twende na hili. Acha Hola wakuone."

Acha Hola wakuone. Nilikubali kwa sababu ya maneno hayo matatu.

Nyote wa barazani mmeniuliza kwa zamu ni nini kilichotokea, na wengine mmeshasikia kwamba nilikimbia. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote mara moja, nanyi mtaamua kama ni kukimbia au si kukimbia.

Kwanza mjue kilichokuwa kikinisubiri. Maimuna ni mtoto wangu wa pekee. Nilimwacha Hola akiwa na miaka sita, nilipokuwa fundi wa matrekta kule kwenye mashamba ya kumwagilia. Nilimwambia mama yake naenda Malindi wiki mbili, na sikurudi. Baada ya miaka minne nilijaribu. Niliendesha pikapu ya watu hadi kwenye kalvati moja, bomba la kupitishia maji chini ya barabara, nje kidogo ya Hola, nikaona mabati ya mji kwa mbali, aibu ikanipanda, nikageuza. Nilidhani hakuna aliyeniona. Kumbe wachungaji waliniona, na mtoto akaambiwa: baba yako amefika kalvatini, akarudi. Mama yake alipofariki, alilelewa na mjomba wake, Barisa, mtu wa Kiorma mwenye moyo mpana kuliko wangu.

Mwaka huu Maimuna alinipigia simu mwenyewe. Alisema, "Baba, naolewa. Nataka mkono wangu utolewe na wewe, si na mtu mwingine." Mnajua kwetu sisi baba ndiye walii, yeye ndiye humshika bwana harusi mkono na kutamka maneno ya ndoa. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya swala ya alasiri. Nililia simu ikiwa sikioni, nikamwambia nitakuja.

Malindi hadi Gongoni

Jioni ya kuamkia safari Twalib alitaja, kama jambo dogo, kwamba gari lilipandisha joto kidogo kwenye foleni za Mombasa. Nikafanya nilichofanya kwa miaka arubaini ya gereji. Nikafungua injini, ambayo katika gari hili iko nyuma ya viti, nikaitoa thamostati. Kwa wasioijua, ni kile kidude cha shaba kinachokaa njiani mwa maji ya injini, kikiyazuia mpaka yapate moto, ndipo kinafunguka yaende kwenye rejeta kupozwa. Sisi mafundi wa pwani hatuna haja nacho. Baridi iko wapi huku, hata injini isubiri kupata moto? Tunakitoa, maji yanapita wazi, na mwenye gari anashukuru.

Niliona kwamba thamostati hii ilikuwa na sahani ndogo ya pili chini ya springi. Nikasema, "Hawa nao wanapenda mapambo." Nikaitupa kwenye kopo la rangi pamoja na nyingine zote nilizotoa maishani mwangu.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, na mahamri ya dada yangu yakiwa bado ya moto mapajani. Mshale wa joto ulikaa chini ya nusu, haukutikisika.

"Mjomba, mkono wako una dawa," Twalib akasema.

"Mkono wangu ulikuwa na dawa kabla hujazaliwa."

Gongoni tulipoteza saa nzima. Twalib ana marafiki huko kwenye mashamba ya chumvi, na kila mmoja alitaka kukaa kwenye kiti, kushika usukani, kupigwa picha. Mimi nilisimama pembeni nimevaa kanzu yangu mpya, nikijifanya nimechoshwa na mambo hayo. Sikuchoshwa. Mtu mmoja aliuliza, "Huyu mzee ndiye mwenye gari?" na sikumsahihisha.

Gongoni hadi Garsen

Baada ya mashamba ya chumvi nchi inakuwa tambarare na miti inapungua. Ulikuwa msimu wa kusi. Upepo ulitoka nyuma yetu, wenye nguvu, na kwa muda mrefu sikuutilia maanani kwa sababu ndani ya gari hausikiki. Niliutambua Twalib alipopunguza mwendo kupisha mbuzi: vumbi tulilolitimua kando ya lami lilitupita, likatangulia mbele kama linajua tunakokwenda.

Hapo ndipo tulipoona gari jingine. Lilikuwa mbele kabisa, pale lami inapoyeyuka na kufanana na maji, na lilikuwa la manjano.

"Unaliona?" Twalib akauliza.

"Naliona."

"Linakuja au linaenda?"

Nikalikazia macho. Lilielea juu ya barabara, lisisogee mbali wala karibu, kwa muda wa kama robo saa. Nimeendesha barabara hiyo mara nyingi, na najua joto huchora vitu. Lakini huchora maji, huchora miti iliyopinduka. Sijawahi kuona likichora rangi. Kisha likatoweka, na nilipoteremsha macho kwenye dashibodi mshale wa joto ulikuwa umepita nusu na unapanda.

Tulisimama. Twalib alizima injini, na nyuma ya vichwa vyetu kitu kikaanza kuvuma chenyewe. Aliruka nje kama aliyeumwa na nge. Nilimcheka. Magari haya yana feni ndogo kwenye chumba cha injini, inayoendelea kuzunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Lakini nakiri kwamba mahali pale, pasipo nyumba wala mtu wala ndege, ule mvumo ulikuwa kama pumzi ya mgonjwa.

Nikafanya kazi kwa utaratibu. Mipira ya maji: mizima, haivuji. Mkanda: umekaza. Rejeta ya gari hili iko mbele, puani, mbali na injini. Maji hutoka nyuma yakapita kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Nikaunganisha feni za mbele moja kwa moja na betri, zikazunguka vizuri. Nikaweka kiganja kwenye rejeta nikitegemea kuungua.

Ilikuwa baridi. Nasema baridi, wenzangu, chini ya jua lile. Injini nyuma ilikuwa inachemka unasikia maji yakitokota, na rejeta mbele ilikuwa baridi kama mguu wa maiti. Nikauondoa mkono upesi, nikaufuta kwenye kanzu bila kujua kwa nini.

"Ni hewa," nikamwambia Twalib. "Hewa imekwama kwenye mabomba, maji hayafiki mbele."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Tuligeuza gari likaelekea tulikotoka, pua upeponi, kama tulivyofundishwa na madereva wa zamani: gari likichemka na upepo uko nyuma yako, ligeuze lipulizwe usoni. Tukalipandisha pua kwenye kingo ya barabara, nikafungua skrubu ndogo ya kutolea hewa, ikatoka kweli hewa kidogo. Nikajisifu. Injini ikapoa, tukaondoka. Nilimwambia Twalib afungue hita hadi mwisho, kwa sababu hita nayo huiba joto la injini. Basi tukaingia Garsen, mahali ambapo hata mjusi hutafuta kivuli, madirisha wazi na hita ikitupuliza miguuni. Simu yangu ilikuwa juu ya dashibodi.

Garsen

Kabla ya kuzima, tuligeuza tena pua upeponi mbele ya hoteli moja. Mama mwenye hoteli, mtu wa makamo mwenye kicheko cha karibu, alituletea ugali na kambare wa kukaanga, akasema, "Poleni na safari ya kutoka Hola."

"Tunakwenda Hola, mama."

"Mnakwenda?" Akaliangalia gari. "Mbona limetazama Malindi?"

Twalib akamweleza habari za upepo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Sawa. Lakini mtu akikuona hatajua ya upepo, ataona gari tu." Akaenda kuchukua pilipili.

Simu ikalia. Alikuwa Barisa.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Garsen. Gari lilisumbua kidogo, sasa liko sawa."

"Sikia. Sheikh mgeni, aliyekuja leo kufungisha ndoa, yuko hapa karibu yangu. Anasema kama gari iko na wasiwasi, wewe toa uwakala kwa simu sasa hivi, mashahidi wako. Mkono atashika mtu mwingine kwa jina lako. Ukifika, umefika. Ni sawa kabisa katika dini."

Ilikuwa njia ya heshima, iliyofunguliwa na mtu asiyekuwa na sababu ya kunifungulia chochote. Ningesema neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeona mawazoni gari la manjano likiingia Hola, nami nikishuka.

"Hapana, Barisa. Mimi nitafika kabla ya adhuhuri."

Kisha ikaja sauti ya Maimuna.

"Baba, kweli uko Garsen?"

"Nikupe mama wa hoteli uongee naye?"

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumchekesha. Halafu akasema kwa sauti ya chini, nadhani alijitenga na watu, "Baba, leo usigeuze kalvatini."

Nikamwambia, "Sigeuzi, mwanangu."

Kijiji kilichohamwa

Hatukufika mbali. Mshale ulipanda tena, safari hii haraka, gari likatapika maji yote na mvuke ukatoka nyuma kama sufuria imefunuliwa. Akiba yetu ya chupa ilikwisha. Kutoka barabarani tuliona mstari wa miti wa mto, na njia ya miguu inayoelekea huko. Twalib alitaka tusubiri gari lipite. Nikasema maji yako pale, twende. Tuliliacha gari na pua yake upeponi, tukabeba madumu.

Njia ilitufikisha kwenye kijiji. Nyumba zilikuwa zimesimama, za udongo, milango mingine imefungwa vizuri kwa kamba, na kwenye kila ukuta, usawa wa kifua changu, palikuwa na mstari wa matope ulionyooka kama uliopigwa na rula. Chini ya mstari ukuta ulikuwa wa rangi nyingine. Hakukuwa na kuku, hakukuwa na moshi. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na shati moja, nalo lilikuwa na mstari uleule.

"Mjomba, turudi," Twalib akanong'ona.

Nikapiga hodi kwa sauti, kwa sababu sikujua la kufanya jingine. "Hodi wenyewe!"

"Karibu," mtu akajibu, kutoka kwenye nyumba isiyo na paa.

Twalib akanishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu akiwa mtoto.

Ndani alikuwa amekaa mzee wa Kipokomo, rika langu, kwenye kiti cha kamba, anasuka mgono wa kuvulia samaki. Alijitambulisha kwa jina la Jilo. Alisema mafuriko yaliingia, watu wote wakahamia juu, na yeye pia ana nyumba mpya huko, ya mabati. Lakini kila mchana hurudi hapa.

"Kufanya nini, mzee mwenzangu?"

"Kukaa. Nyumba ikikosa mtu wa kujibu hodi, mwisho inajibu yenyewe." Akaniangalia kuona kama nitacheka, kisha akacheka yeye.

Alitupa ndizi za kuchemsha zilizopoa kwenye jani, tukala kwa njaa ambayo sikujua ninayo. Akatuonyesha mahali salama pa kuteka, mbali na kingo ambapo mamba huotea, na tuliporudi na madumu akatusindikiza hadi barabarani. Huo ulikuwa wema, lakini uliongeza muda, kwa sababu alitembea polepole na alisimama kwenye kila mlango kutuambia ni nani aliyekuwa akikaa humo.

Tulipolikaribia gari, feni ya nyuma ilikuwa bado inavuma. Ni bahati tu betri ilikuwa haijaisha.

"Linapumua," mzee Jilo akasema.

"Ni feni."

"Sawa, ni feni. Na mbona mmeliegesha likiangalia mlikotoka?"

"Upepo, mzee."

"Mimi mgeni akiegesha hivyo," akasema, "sipiki. Najua hatalala kwangu."

Twalib alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Kalvatini

Tulikwenda kwa vipande. Kilomita chache, kusimama, kugeuza, kupoza, kuongeza maji, kugeuza tena. Adhuhuri ilitupita njiani. Nilishuku kifuniko cha rejeta, nikashuku pampu, nikashuku gasketi ya silinda hedi, nikanusa maji kama yana moshi, nikaonja tone kwa ulimi. Nilishuku kila kitu kilichoguswa na mtu mwingine. Kanzu niliivua nikaikunja kitini, nikabaki na fulana iliyojaa mafuta. Simu yangu ilizimika; ilikuwa imekaa juu ya dashibodi, hita ikipuliza na jua likipiga, ikaonyesha alama ya joto na kufa.

Halafu likatokea jambo ambalo bado linanirudia. Mshale wa joto ulikuwa juu kabisa, nami naukodolea macho, ukaanza kushuka. Ulishuka taratibu, ukapita nusu, ukaendelea, ukalala chini mahali pa gari ambalo halijawashwa siku nzima. Ndani ya gari kukawa kimya kuliko kawaida.

"Limepona!" Twalib akasema.

Mimi nilielewa. Kipimo cha joto hupima maji. Maji yakiisha, kinabaki kinaning'inia kwenye hewa, na kinasoma baridi wakati chuma kinaungua. Gari lililosema limepona lilikuwa linakufa.

"Zima! Zima sasa hivi!"

Lilijisogeza lenyewe hatua za mwisho likasimama. Niliposhuka na kuinua macho, nikaona bomba la saruji likipita chini ya barabara, na mbele, mbali, mabati ya Hola yakimeta. Kalvati ile ile. Miaka yote ile haikubadilika hata jiwe. Upepo uliingia upande mmoja wa bomba ukatokea upande wa pili kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi kabla ya kuita jina. Lakini haikuita. Ilivuta tu, ikavuta tena.

Twalib alichukua madumu na simu yake, akaenda kwa miguu kutafuta maji kwenye boma la wafugaji tuliloliona nyuma. Namba yoyote ya Hola hakuwa nayo, wala mimi kichwani sikuwa nayo. Kabla hajaondoka tulilisukuma gari likageuka, pua upeponi, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ningeweza kuondoka kwa miguu wakati huo. Mji ulikuwa unaonekana. Lakini niliwaza kuingia kwa wakwe nikiwa na fulana ya mafuta, nimetota jasho, bila gari. Nikasema ngoja lipoe kidogo.

Sikujua saa. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Hata adhana ya alasiri, kama ilipigwa, haikunifikia.

Ndipo nikaona pikipiki inatoka upande wa Hola. Ilibeba vijana wawili waliovaa kanzu nyeupe na kofia. Nilijua mara moja ni watu wa harusi. Na mimi, mtu wa miaka sabini na moja, nilifanya hivi: niliinama nyuma ya kifuniko cha injini kilichokuwa wazi, nikajikunyata, ili wakwe wasinione na fulana ile. Nilisema moyoni wakipita nitavaa kanzu.

Hawakupita. Walisimama mbali kidogo, upande wa pili wa kalvati. Niliisikia injini ya pikipiki ikinguruma polepole. Mmoja akaita, "Mzee!" Nilinyamaza. Nilikuwa nayaona magurudumu yao kwa chini ya gari, nao bila shaka waliiona miguu yangu. Akaita tena. Kisha pikipiki ikageuka na mlio wake ukaondoka na upepo.

Walitumwa kunichukua. Hilo nililijua baadaye.

Nikiwa bado nimeinama pale, nikaona kitu nilichopaswa kukiona asubuhi. Mkono wangu ulikuwa karibu na mpira mfupi unaotoka kwenye injini na kurudi palepale kwenye injini, njia ya mkato ya maji. Ulikuwa wa moto, haushikiki. Na bomba refu la kwenda mbele, lililoungana hapo hapo, lilikuwa vuguvugu tu. Nikaikumbuka ile sahani ya pili chini ya springi. Haikuwa pambo. Injini ikipata moto, sahani ile huiziba njia ya mkato, na maji hulazimika kwenda hadi kwenye rejeta. Mimi niliitoa. Maji, kama mtu yeyote, yakachagua njia fupi; yakazunguka palepale yakichemka siku nzima, na rejeta ikabaki baridi. Nililishuku kila jambo isipokuwa mkono wangu.

Twalib aliporudi, nilichukua koleo la kubana nikaufinya ule mpira mfupi mpaka ukafunga, nikauzungushia waya. Tukajaza maji, tukatoa hewa, tukawasha. Baada ya dakika chache nikaenda mbele nikaigusa rejeta, ilikuwa ya moto. Mshale ulipanda hadi karibu na nusu, ukatulia hapo kama msumari uliogongwa. Kazi yote ilikuwa ya dakika tano.

Hola

Gari halikusumbua tena. Nilivaa kanzu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoingia, na watu walitoka kuliangalia gari la manjano, wakaniangalia na mimi ndani yake. Hola wakaniona.

Pilau ilikuwa imekwisha kuliwa, masufuria yanasuguliwa. Barisa alinipokea uani. Hakupaza sauti.

"Shemeji, tulingoja. Watu waliswali, wakakaa. Nikatuma vijana kwa pikipiki. Walirudi wakasema wamekuona kalvatini, gari imegeuzwa inaangalia Malindi, na wewe umejificha. Sheikh akasema walii akiikimbia nafasi yake, nafasi haikai tupu. Akashika mkono yeye."

"Nililigeuza kwa ajili ya upepo."

"Upepo," akarudia, si kwa dharau.

Maimuna alikuja mlangoni na hina mikononi. Sura yake ni ya mama yangu. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamweleza yote, upepo, rejeta, thamostati, sahani ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza maswali mawili.

"Uliwaona vijana walipokuja?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na miaka sabini na moja ya kusema hapana za aina hiyo.

"Niliwaona."

"Wakakuita?"

"Waliniita mara mbili. Nilijificha. Niliona aibu ya nguo."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ambalo alikwisha kulipata mwenyewe zamani. "Karibu, Mzee," akasema. "Kuna chakula tulichokuwekea." Akaingia ndani, na aliyeniletea sahani alikuwa mtu mwingine.

Twalib ameniambia gari halijachemka tena tangu siku ile. Thamostati nimeitoa kwenye kopo na kuirudisha mahali pake kwa mkono wangu. Maimuna nampigia kila Ijumaa, naye hupokea. Ana adabu, kalelewa vizuri. Ananiuliza hali, nami namuuliza hali.

Nilikuwa na binti mmoja na siku moja ya kumwozesha. Siku hiyo imepita, mkono wake umetolewa na sheikh aliyemfahamu kwa mchana mmoja, na tangu hapo haniiti Baba.